ATR inapima mutikisiko wa bei, haisemi bei inaenda wapi

Mutu anayefuata bei za hisa kwenye simu anaweza kukuta, chini ya grafu, mustari unaoitwa ATR. Huo ni nini?

Ni kipimo alichokitoa Mumarekani J. Welles Wilder katika kitabu chake cha mwaka 1978. Kinaonyesha bei inatikisika kiasi gani kwa siku.

Tuchukue mufano. Jana soko lilifunga hisa ikiwa dola 50. Leo bei ya juu ni 54, ya chini ni 52. Tofauti ya leo ni dola 2, lakini toka 50 ya jana mpaka 54 ni dola 4. Wilder anachukua ile kubwa, ni kusema 4. Kisha anatafuta wastani wa siku 14.

Inasaidia nini? Kama ATR ni dola 4, kushuka kwa dola 2 ni jambo la kawaida. Ukiagiza hisa iuzishwe ikishuka dola 2 tu, unaweza kutolewa sokoni bure. Weka mpaka mbali, dola 8 kwa mufano, lakini nunua hisa kidogo. Kama unakubali kupoteza dola 40, hizo ni hisa 5, si 20. Na soko likifunguka chini ya mpaka wako, hasara itapita hapo.

ATR inapanda hata wakati bei inaporomoka. Basi mutu akikuambia: "ATR imepanda, leta feza, utapata faida," shika mufuko wako.