Pazia Mbele ya Spika

Katika maabara ya kampuni ya Harman huko Northridge, California, kilijengwa chumba chenye pazia linalopitisha sauti na kuzuia macho. Nyuma yake, mtambo huiondoa spika moja na kuleta nyingine mahali palepale kwa sekunde chache. Anayesikiliza hajui ni ya kampuni gani, bei yake wala umbo lake. Anasikia wimbo uleule kwa ukubwa uleule wa sauti, kisha anatoa alama. Nyuma ya kazi hiyo alikuwapo Floyd Toole, aliyekuwa akizijaribu spika kwa kuzificha tangu alipokuwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, Ottawa, kabla ya kuhamia Harman mwaka 1991. Mwaka 1994 yeye na mtafiti mwenzake, Sean Olive, walitoa matokeo ya jaribio la wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo, waliosikiliza spika zilezile zikiwa zimefichwa na pia zikiwa wazi. Zilipoonekana, spika kubwa zenye sura nzuri zilipanda alama, na seti ndogo ya bei nafuu iliyokuwa imefanya vizuri ilipofichwa ikaporomoka. Sauti yenyewe ilikuwa ileile.

Nimeanza na jaribio hilo kwa sababu wanunuzi wengi wa spika za bei kubwa huamini kwamba uasilia wa sauti ni suala la ladha, kama chumvi kwenye mchuzi, kila mtu na kiasi chake. Mimi nashikilia kwamba uasilia unapimika, na anayekusudia kutoa mamilioni ya shilingi ana haki ya kudai vipimo kabla ya kusifiwa mbao na rangi.

Chukua sauti ya binadamu, maana ndiyo tunayoijua kuliko zote. Mtu akikuita kutoka jikoni, bafuni au uani unamtambua, ingawa kila mahali kuta huirudisha sauti yake kwa namna nyingine. Sauti iliyogonga ukuta wa pembeni ikasafiri mita 1.7 zaidi huchelewa milisekunde 5 hivi, lakini hatuisikii kama sauti ya pili. Ubongo huiunganisha na ile iliyotangulia. Kwa hiyo spika chumbani husikika kwa njia mbili kwa pamoja: sauti inayokujia moja kwa moja, na ile iliyotokea ubavuni ikazunguka ukutani. Zikifanana, tunasikia mtu anaimba. Zikitofautiana, tunasikia sanduku. Hapo ndipo spika, hata ya bei ya kutisha, huweza kukwama. Koni yenye upana wa sentimita 20 husambaza besi kila upande, lakini kwenye hezi 3,000 urefu wa wimbi ni sentimita 11 na ushei tu, na koni hiyo hurusha sauti mbele kama mwanga wa tochi. Twita, yaani kipaza kidogo cha sauti za juu, ya sentimita 2.5 inapopokea zamu, ghafla sauti hutawanyika tena. Kipimo cha mbele peke yake kinaweza kuonyesha mstari mzuri kabisa huku kuta zikipokea kitu kingine. Na ni kati ya hezi 2,000 na 5,000 ambapo sikio letu ni jepesi zaidi, na ndipo penye makali ya konsonanti. Mhandisi makini huiweka twita ndani ya kishimo kilichochongwa ili kuelekeza sauti yake, au huongeza koni ya sauti za kati, ili mtawanyiko ubadilike polepole.

Haya hupimwa. Katika chumba kisicho na mwangwi, spika huzungushwa mbele ya maikrofoni kila nyuzi 10, kwa mlalo na kwa wima, hadi vipatikane vipimo 70. Mwaka 2004 Olive alitumia vipimo vya spika 70 kuunda kanuni ya kukadiria alama za wasikilizaji, na uhusiano kati ya makadirio na alama halisi ulifikia 0.86. Zilizopendwa zilikuwa na mstari ulionyooka mbele, mteremko laini pembeni, na besi inayoshuka chini vya kutosha. Besi peke yake ilichangia karibu asilimia 30. Bei haimo katika kanuni hiyo.

Kuna watakaosema masikio hayafanani. Ni kweli, na aliyepungukiwa usikivu hutoa alama zinazoyumba. Lakini mwaka 2003 Olive aliwalinganisha wasikilizaji 268, waliofunzwa na wasiofunzwa, wakiwamo wauzaji na wanafunzi. Waliofunzwa walikuwa wakali zaidi na thabiti zaidi, ila mpangilio wa spika zilizopendwa ulikuwa uleule. Pingamizi zito zaidi ni kwamba rekodi yenyewe ilitengenezwa na fundi aliyesikiliza kwa spika za studio, nazo zina kasoro zake. Toole mwenyewe amelikiri tatizo hilo kwa muda mrefu. Kwangu linaimarisha hoja: kilima cha besi kilichomo ndani ya spika huzikumba rekodi zote, ilhali santuri ya zamani iliyokosa besi unaweza kuirekebisha kwa kitufe, kisha ukakirudisha.

Chumba nacho kina neno lake. Kuta za saruji na sakafu ya vigae hurudisha sauti nyingi, hivyo ubora wa sauti ya pembeni una uzito zaidi. Chini ya hezi 200 au 300 chumba ndicho kinachotawala: chenye urefu wa mita 4 huvuma kwenye hezi 43 hivi, na hakuna spika ya bei yoyote inayokwepa hilo. Zulia na mapazia hupunguza sauti za juu, besi ikaachwa inavuma vilevile. Kinachosaidia ni kuhamisha kiti au sabufa, yaani spika ya besi.

Dukani, omba mchoro wa vipimo vya mbele na vya pembeni. Hakikisha spika unazolinganisha zina ukubwa uleule wa sauti, kwa kuwa inayopaza zaidi kidogo huonekana bora, na mwombe mwenzako azifunike kwa kitambaa chepesi. Cheza rekodi ya msomaji wa habari anayesoma bila muziki, kisha inuka ukatembee polepole kutoka katikati hadi ubavuni mwa spika, ukisikiliza ni wapi sauti yake inageuka kuwa ya mtu mwingine.