Nani Aulize, Nani Asake Maneno: Utangulizi wa Majukumu katika Duru za Fasihi

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kugawa darasa katika makundi, ukasema "Haya, jadilini," kisha ukakuta wawili wanabishana, mmoja anaandika, na waliobaki wanatazama dirishani. Usiwalaumu upesi. Ndani ya neno "jadilini" zimejificha kazi nyingi: kuuliza, kukumbuka, kulinganisha, kutilia shaka. Asiyewahi kuonyeshwa kazi hizo moja moja hajui aanze na ipi.

Duru ya fasihi ni kundi dogo, la watu wanne au watano, linalosoma kitabu kimoja na kukutana kukizungumzia. Jukumu ni kazi moja ya usomaji anayopewa mwanafunzi kwa kikao kimoja. Kikao kijacho wanabadilishana. Aliyeueneza sana utaratibu huu ni Harvey Daniels wa Chicago, Marekani, kwa kitabu chake cha mwaka 1994.

Tuchukue riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama N'tilie, ambayo wengi wetu tumeifundisha. Mwanafunzi wa kwanza ni muulizaji. Mfundishe kwanza kutofautisha swali funge, lenye jibu moja, na swali wazi, linaloruhusu watu kutofautiana kwa ushahidi. "Mume wa Mama N'tilie anaitwa nani?" ni swali funge: Lomolomo, basi, mazungumzo yamekwisha. "Kwa nini mama huyu anaendelea kuishi na mlevi huyo?" Hapo hata waliokuwa dirishani watageuka.

Mteuzi huchagua kifungu cha kusomwa kwa sauti na kusema kwa nini amekichagua. Mwunganishi hutafuta uhusiano kati ya hadithi na maisha anayoyajua. Mchoraji huchora tukio, na wenzake hukisia ni lipi kabla hajaeleza.

Nampenda zaidi msaka maneno, ingawa wengi humgeuza mwandishi wa orodha ya misamiati. Mpe neno moja tu: n'tilie. Atagundua kwamba ni "nitilie," sauti ya mteja anayenyoosha sahani. Kisha mwache ajiulize: mwanamke huyu anaitwaje, ikiwa watu wanamwita kwa ombi lao la chakula? Neno moja limeshafungua mlango wa uhusika, yaani namna mwandishi anavyowaumba watu wake, wala hujaandika chochote ubaoni.

Utauliza: je, kila mmoja hatashika kazi yake na kuzisahau za wenzake? Atasahau, nami nimeliona. Mara ya kwanza nilipotumia karatasi za majukumu, yaani karatasi zinazomweleza kila mmoja kazi yake, wanafunzi wangu walisimama kwa zamu, wakasoma walichoandika, wakakaa. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Ilikuwa kama kuitwa mahudhurio. Daniels mwenyewe aliliona tatizo hilo, na katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 2002, alionya kwamba karatasi hizo zinaweza kuyafanya mazungumzo kuwa ya kimashine.

Kwa hiyo yachukulie majukumu kama mirunda ya fundi mwashi. Bila mirunda hafiki juu, lakini hakuna anayehamia kwenye nyumba ambayo bado imezungukwa na miti. Wiki chache zikipita, ondoa karatasi. Mwachie kila mwanafunzi daftari aandike lolote lililomgusa. Ukisikia mchoraji anauliza swali zuri kuliko la muulizaji, ujue wakati umefika.

Kuhusu darasa la wanafunzi 60 na nakala chache za kitabu, sitakudanganya: ni kazi. Makundi yatakuwa 12, na kelele zitafika kwa mkuu wa shule. Nakala moja kwa kundi inatosha ikiwa mmoja anasoma kwa sauti na wenzake wanasikiliza, kila mtu na jukumu lake akilini.

Usianze na makundi yote 12. Chagua wanafunzi watano, waketishe katikati ya darasa, nawe uwe mmoja wao, ushike jukumu la muulizaji. Wengine wazunguke, watazame. Dakika kumi zinatosha kwa siku ya kwanza.