Tezi Inapobadili Mwendo

Tuseme unaishi na baba mkwe wako hapo Kitura. Miaka minne iliyopita alipimwa damu, daktari akasema ana kansa ya damu iendayo polepole, yaani lukemia sugu ya limfositi. Mlilia sana. Lakini mzee akaendelea kuchuma kahawa na kwenda kanisani. Hakupewa hata dawa, aliambiwa tu awe anarudi kupimwa. Taratibu nyumba nzima ikasahau.

Hatukulaumu. Wengi wenye ugonjwa huu, ambao huwapata zaidi wazee, huishi nao miaka mingi. Ila kwa wachache, kati ya wawili na kumi katika kila mia, ugonjwa hugeuka na kuwa limfoma kali, kansa ya tezi iendayo mbio. Daktari Maurice Richter wa New York alieleza mgeuko huo mwaka 1928, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Je, waweza kujulikana mapema? Vipimo vya chembe za urithi, kama kasoro ya jeni iitwayo TP53, huonyesha nani yuko hatarini zaidi. Lakini hakuna kipimo kinachotaja siku. Kwa hiyo macho ya nyumbani yana kazi kubwa.

Dalili za kuangalia

Tezi moja, ya shingoni, kwapani au kinenani, kukua upesi kuliko nyingine. Homa isiyo na sababu. Kukonda. Jasho la usiku linalolowesha shuka. Kule Mbamba Bay mtu atasingizia joto la ziwa, lakini huku milimani, mzee akiamka amelowa katika baridi ya Julai, usipuuze. Tena baridi hiyo hutufanya tuvae makoti na kujifunga vitambaa shingoni, uvimbe ukajificha.

Kwa heshima ya ukwe, si wewe utakayempapasa mzee. Mwombe mama mkwe au mumeo afanye hivyo kila Jumamosi baada ya kuoga. Wewe shika daftari: andika tarehe, ukubwa wa tezi (kama punje ya harage, kama yai), na uzito wake kila mwezi.

Usikisie

Dalili hizo hizo huletwa pia na kifua kikuu, na wenye lukemia hii hushikwa na maambukizo kwa urahisi. Basi msimpe dawa za kubahatisha, wala msitafute mchawi. Mpelekeni hospitali, kama ile ya Litembo, pamoja na daftari na vyeti vyake vya zamani. Mara nyingi jibu la hakika hutoka kwa kukata tezi iliyokua na kuichunguza kwa darubini. Huenda akapelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ndiyo maana tunashauri sehemu ya fedha za kahawa iwekwe akiba ya nauli.

Hatutakudanganya: ukishageuka, ugonjwa huu ni mgumu kutibu. Lakini mgonjwa aliyefika akiwa bado na nguvu huweza kuvumilia dawa kuliko aliyebebwa kwa machela.

Ruthu hakumwacha mkwewe Naomi njiani. Nasi tuwatunze wazee wetu kwa sala, na kwa daftari pia. Mungu aibariki nyumba yako.