Karatasi na Kadi

Miaka mingi nimewakaripia vijana wanaoniletea "kadi" ya harusi. Hicho Kizungu, nikiwaambia. Semeni karatasi ya mwaliko, neno letu tangu chuoni. Na chuoni ndiko nilikolikuta: Sura ya Al-An'am, aya ya 7, yataja qirtas, na aya ya 91 yataja wingi wake, qaratis.

Kumbe Waarabu nao walilipokea! Asili yake ni Kiyunani, khartes, ukurasa wa mafunjo wa kuandikia. Warumi wakasema charta, Wafaransa carte, Waingereza card, nasi tukapata kadi. Basi hawa ni ndugu wa tumbo moja: mmoja kaja kwa jahazi, mwenziwe kwa meli.

Kadi ya juzi nimeipokea kimya.