Spika za Kompyuta kwa Mwenye Fedha Kidogo

Kompyuta ya mezani imekwisha kuwa chombo cha nyumbani, nayo nyumba nyingi huitumia kwa masomo ya watoto, khabari na mawaidha. Lakini aghalabu huja haina sauti ya kusikilizana, basi mzazi hulazimika kutoka kwenda kutafuta spika, na hali fedha iliyobaki ni ya matumizi ya nyumba. Kwa ajili ya huyo twaandika haya, ili asije akanunua maandishi ya kasha.

Maana kasha husema mengi kuliko spika yenyewe. Utaona limeandikwa wati 1000 PMPO, na mnunuzi akastaajabu nguvu kubwa namna ile kuuzwa rahisi. PMPO si kipimo kilichoafikiwa na watengenezaji. Kila mmoja huandika apendavyo, kwa kukisia kishindo cha kufumba na kufumbua. Kipimo cha kutazama ni RMS, yaani nguvu ambayo spika yaweza kuitoa mfululizo. Kama hakikuandikwa, geuza kifaa utazame maandishi ya umeme, kisha zidisha volti kwa ampea. Kifaa kinachopokea volti 9 na ampea 1 kimepokea wati 9, wala hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya alichopewa. Zile spika zinazokula umeme wa tundu la USB la namna ya 2.0 hupata volti 5 na nusu ampea, basi ni wati 2.5 tu, kwa zote mbili pamoja.

Hata hivyo tusizidharau. Mtu mmoja aliyeketi mezani, spika zikiwa dhiraa moja na nusu mbele yake, zamtosha. Kwa watoto sita au saba waliokaa mkekani, tafuta wati 5 hadi 10 za RMS. Kupita hapo ni kulipia kelele, kwani ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, nguvu yataka kuongezwa kama mara 10.

Jambo kubwa ni usafi wa maneno, nalo halikuandikwa kwenye kasha lo lote. Sauti kama ya s hukaa juu sana. Nguvu yake nyingi imo katika mitetemo inayozidi 4000 kwa sekunde. Simu za zamani zilikoma karibu na 3400, ndiyo maana majina ya watu yalipokewa vibaya. Spika mbovu hufanya vivyo hivyo: "thamani" na "samani" huwa neno moja, na mtoto anayejifunza kupambanua thaa, sini na swadi hubaki akibahatisha.

Basi nenda dukani na flashi yenye sauti ya msemaji umjuaye vema. Omba ichezwe polepole kwanza. Muuzaji atataka kuipandisha mpaka vioo vitetemeke, umzuie. Spika njema hufahamika hata ikinong'ona. Kisha ndipo ipandishwe kidogo, usikilize kama yakwaruza.

Vijana watatuudhikia, lakini sabufa ya bei ndogo hatuisifu. Fedha ile ile imegawanywa kwa makasha matatu badala ya mawili, na lile kubwa hunguruma juu ya maneno ya msemaji. Jirani wa ukuta mmoja hapati maneno, hupata mngurumo tu.

Spika ukishazileta, usizisukume pembeni mwa kuta, kwani pembe huzidisha besi. Ziweke kulia na kushoto kwa umbali mmoja, na uziinue mbele kwa kipande cha ubao zielekee masikio. Hayo hayana gharama.

Mwenye fedha kidogo zaidi na atazame vitu vilivyokwisha tumiwa, lakini kwa macho mawili. Spika za redio kuukuu zisizo na umeme wake mwenyewe zahitaji amplifaya. Waya wake hauchomekwi kwenye kompyuta. Gusa ukingo wa karatasi ya spika: ukimomonyoka, iache. Zungusha kitufe cha sauti usikie kama kinakwaruza. Mwisho, pandisha sauti hali hakuna kinachochezwa. Mvumo mdogo si neno, lakini ukiusikia toka mlangoni, mrudishie mwenyewe.