Vitabu Vyenye Ruhusa ya Kubadilishwa

Mtoto wa Bungoma aliyelelewa kwa Lubukusu anapoanza shule, sera ya elimu ya Kenya inataka madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali shule ilipo. Sera ni nzuri, ila haiji na vitabu. Mchapishaji akipiga hesabu ya mchoraji, mhariri, karatasi na usafiri, anaona wanunuzi wa hadithi za Lubukusu ni wachache mno kurudisha gharama. Mwalimu anabaki na chaki, ubao na hadithi alizozihifadhi kichwani.

Pengo hilo ndilo lililoisukuma Saide, taasisi ya elimu ya Johannesburg, kuanzisha African Storybook. Tovuti yake ilizinduliwa mwaka 2014, na majaribio ya kwanza yakafanyika Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini. Humo mna hadithi fupi za picha kwa Kiswahili, Luganda, isiZulu, Ng'aturkana, Lumasaaba, Lubukusu na lugha nyingine nyingi za Afrika. Zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zile zenye maneno machache tu kila ukurasa hadi zile ambazo mtu mzima humsomea mtoto kwa sauti. Kuzisoma na kuzipakua ni bure.

Mambo ya bure yamejaa mtandaoni. Hadithi hizi zina kitu cha ziada: ruhusa.

Kwa kawaida hakimiliki humzuia msomaji kutafsiri au kubadili kazi ya mwenzake bila idhini. Mwalimu wa Mbale, Uganda, anayetaka kuiandika hadithi ya Kiingereza kwa Lumasaaba angepaswa kumwomba mwenye haki, angoje jibu, pengine alipe. African Storybook hutumia leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Mwandishi habaki mikono mitupu: hakimiliki ni yake, na jina lake lazima litajwe popote hadithi inapokwenda. Anachofanya ni kutoa idhini mapema, kwa wote. Baadhi ya leseni hizo zinaongeza sharti kwamba kazi isitumiwe kibiashara.

Basi mwalimu yule anafungua hadithi, anaacha picha zilivyo, anaandika upya maneno ya kila ukurasa kwa Lumasaaba, kisha anaichapisha palepale. Hadithi yenye aya ndefu anaweza kuikata ibaki sentensi moja kila ukurasa, iwafae wanaoanza kusoma. Toleo lake linakaa kando ya lile la kwanza bila kulifuta, na mwalimu wa kijiji kingine anaweza kuanzia hapo.

Njia hii haiko kwenye hadithi za watoto tu. Mwaka 2002 wanafunzi wa shahada za juu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, akiwemo Mark Horner, walianza kuandika vitabu huria vya sayansi kwa ajili ya sekondari, wakisaidiwa na watu wengi waliojitolea. Kazi hiyo ilikua ikawa shirika la Siyavula. Mwaka 2012 serikali ya Afrika Kusini ilichapa vitabu vyake vya hisabati na sayansi vya darasa la 10 hadi la 12 na kuvisambaza katika shule za umma. Wengi walioshika vitabu vile vya karatasi hawakuhitaji kompyuta wala intaneti.

Mlango ulio wazi kwa wote huingiza pia kazi mbovu. Tafsiri iliyofanywa kwa haraka inaweza kuwa na makosa ya tahajia, au sentensi zinazofuata Kiingereza neno kwa neno, na mtoto anayejifunza kusoma hana namna ya kujua kwamba kosa ni la kitabu, si lake. Ndiyo maana African Storybook huweka alama maalumu kwenye hadithi zilizokaguliwa. Ukaguzi huo unahitaji watu wanaoijua lugha barabara na wenye muda. Kwa Kiswahili watu hao ni wengi. Kwa lugha ambazo wasemaji wake bado hawajakubaliana namna ya kuziandika, kupatikana kwao ni kazi.

Hata hivyo hadithi zinasafiri. StoryWeaver, jukwaa lililofunguliwa na Pratham Books ya India mwaka 2015, linatumia leseni za aina hiyohiyo, hivyo hadithi za Afrika zimeingia humo na kutafsiriwa tena. Nchini Kanada, Bonny Norton na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia walichukua hadithi 40 za African Storybook wakazitoa kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha za wahamiaji, ili mzazi na mtoto waweze kusoma hadithi ileile nyumbani na shuleni.

Mwalimu anayetaka kuanza achague hadithi moja ya ngazi ya chini, aitafsiri, ampe mwenzake anayeiandika vizuri lugha hiyo aisome kwanza, kisha aichapishe kwenye karatasi na kuwagawia wanafunzi wake.