Rangi Inayopotelea Mkekani

Mvua zikikatika Newala, majani ya kunde huchumwa, yakachemshwa kidogo na kutandazwa mkekani. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida ya tangu enzi. Kabla ya mabomba, maji yalifuatwa mabondeni, chini ya mteremko, na kumwagilia bustani wakati wa kiangazi si jambo la kila kaya. Kwa hiyo mboga kavu ndiyo mboga ya mwezi wa nane na wa tisa. Tatizo ni kwamba jani lililoanikwa likiwa kijani hukusanywa likiwa na rangi ya tumbaku.

Kilichopotea si urembo tu. Ukijani wa jani ni klorofili, na nyuma yake imejificha rangi ya manjano, karotini, ileile inayoonekana wazi kwenye papai na viazi lishe. Mwili wa mtoto huigeuza karotini kuwa vitamini A, ya macho, ya kinga na ya kukua. Wataalamu hukadiria kwamba zinahitajika mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakulani kupata mikrogramu 1 ya vitamini hiyo, kwa hiyo hata kabla ya hasara ya jua biashara yenyewe ni ya faida ndogo. Mwaka 2003 Generose Mulokozi na Ulf Svanberg walichapisha vipimo vya mboga za majani za Tanzania: zilizoanikwa juani waziwazi zilipoteza karotini nyingi kuliko zilizokaushwa ndani ya kikaushio cha sola. Asiye na kikaushio aanike kivulini penye upepo, au afunike majani kwa kitambaa cheusi.

Hasara ya pili iko chunguni. Karotini haiyeyuki majini, huyeyuka katika mafuta. Mboga ya maji na chumvi huipitisha tumboni, nyingi bila kufyonzwa. Kisamvu kilichoungwa kwa karanga au korosho zilizotwangwa kina mafuta ya kutosha kuibeba. Bibi zetu hawakusoma kemia, ila chungu chao kilikuwa sahihi.

Sasa nije kwenye swali ninaloulizwa sana: je, rangi hizi za vyakula humkinga mtoto na kisukari na unene? Hapa naomba tusikimbilie. Ganda jekundu la njugu mawe na la mtama lina rangi nyekundu iitwayo anthosayanini, pamoja na tanini, na katika maabara rangi za jamii hiyo hupunguza kasi ya vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Maabara si tumbo la mtoto. Huko Marekani, mtafiti Strauss alionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wanene walikuwa na beta-karotini kidogo katika damu kuliko wenzao. Hilo halithibitishi kwamba upungufu huo ndio uliowanenepesha, kwani karotini hupenda kujificha kwenye mafuta ya mwili, na mtoto mnene ana mafuta mengi ya kuificha. Anayekuuzia unga wa majani kama dawa ya kisukari anauza asichokuwa nacho.

Lililo na uzito zaidi kwetu ni udumavu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyedumaa, akija kunenepa haraka baadaye kwa soda na maandazi, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kisukari na shinikizo la damu ukubwani. Na soda hizo huzidi pale fedha za korosho zinapoingia Masasi. Wekundu wa kinywaji cha chupani, kwa taarifa yako, mara nyingi ni rangi ya kiwandani iliyokorogwa na sukari.

Wekundu wa kweli umelala chini ya mkorosho. Bibo lina vitamini C inayolizidi chungwa mara kadhaa, na lile jekundu lina anthosayanini pia. Ukakasi unaokwangua koo, na doa lisilotoka kwenye shati, ni kazi ya tanini. Tanini huzuia madini ya chuma ya kunde na njugu mawe yasifyonzwe. Vitamini C huyafungulia njia. Nayo pia huteketea mkekani pamoja na karotini, lakini mabibo hufika Oktoba, mboga kavu ikiwa bado chunguni. Mengi huozea shambani, mengine huwa uraka, pombe ya mabibo. Kabla ya kuyapeleka kwenye uraka, tenga mawili matatu mabivu, yaoshe, umpe mtoto pamoja na kunde zake.